Friji Liliponyamaza

Mstari wa kijani ulisimama tena. Fundi aliutazama kwenye kompyuta yake ya mkononi kama mtu anavyomtazama punda aliyegoma njia panda: kwanza kwa subira, halafu kwa matusi ya moyoni, mwishowe kwa kumbembeleza. Punda hakusogea. Chini ya mstari yakachomoza maneno yaleyale yaliyomnyonya damu tangu asubuhi: kunakili kumekatika, kutaanza upya.

"Upya," alinong'ona. "Wewe mashine wewe, na baba yako, na babu yako."

Sanduku lenyewe halikuwa na makuu. Lilikuwa jeusi, la chuma, kimo cha boksi la viatu, limekaa juu ya kabati la ofisi kama kuku anayeatamia. Ndani mlikuwa na diski nne, na ndani ya diski hizo mlikuwa na kila kitabu ambacho ofisi ile iliwahi kuwarekodia wasioona. Kila diski ilikuwa na kitaa chake cha kijani. Kimoja kilikuwa kimezimika kabisa tangu juzi. Cha pili kilikuwa na rangi ya chungwa, na diski yake ilikuwa ikilia tik, tik, kama mtu agongaye kucha mezani akisubiri sababu ya kukasirika.

Sanduku la namna hiyo huvumilia diski moja ikifa. Ikifuata ya pili, hakuna kilichomo kitakachopona. Diski mpya Fundi alikuwa nayo mfukoni, lakini kuichomeka kungewalazimisha mgonjwa na wazima wote kufanya kazi ya punda ili kuijaza, na mgonjwa angekata roho katikati ya kazi. Kwanza nakala, tiba baadaye. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa imejaa, hivyo nakala ilikuwa ipitie kwenye mtandao mpaka kwenye mashine ya ofisini kwake, upande wa pili wa mji.

Angechomeka diski ya nje moja kwa moja, lakini tundu la sanduku lilikuwa limeharibiwa na mtu aliyelazimisha chaja ya simu. Angelishikiza sanduku kwa betri ya akiba umeme ukikatika, lakini betri hiyo ilikwisha kufa na kugeuzwa kiti cha chungu cha maua. Na umeme ulikuwa ukatike, hilo halikuwa na shaka, kwa sababu mwenye jengo alikuwa ameagiza lizimwe lote kila jua linapotua. Asubuhi ile sanduku lilipowashwa, diski mgonjwa iliamka kwa kukwaruza, ikijikongoja. Fundi aliapa kwamba ikizimwa tena haiamki.

Vingekuwa vitabu tu, angeumia kama fundi yeyote. Tatizo ni kwamba ndani ya sanduku lile alikuwemo mama mkwe wake.

Watu walimwita Mama Kinanda, na hakuna aliyeuliza sababu akishamsikia. Alianza kuwasomea wasioona Fundi hajaota hata ndevu. Alipokisoma kitabu kimoja chenye mvua nyingi, wasikilizaji wa mtaa mzima walitoka mbio kuanua nguo jua likiwaka. Alipokisoma cha mapishi, mzee mmoja alimgombeza mkewe kwa kuunguza chakula ambacho hakijainjikwa. Anayebisha akawaulize.

Sasa koo hilohilo lilikuwa limeota uvimbe, na madaktari hawakuona njia nyingine. Jioni hii alale wodini, kesho asubuhi kikoromeo kiondolewe. Uhai ungebaki, sauti hapana. Ila wapo wataalamu ambao, wakipewa sauti ya mtu ya kutosha, huifundisha mashine kusema kwa sauti hiyohiyo. Mama angeandika kwa vidole, mashine ingesema kwa koo lake. Ndiyo maana siku zote hizi alikuwa amejifungia kwenye chumba cha kurekodia akisoma sentensi za kila namna, za kuomba maji, za kugombeza wajukuu, za kuuliza nani kaacha mlango wazi. Zote zilikuwa sandukuni, na hazikuwa mahali pengine popote duniani.

Fundi alikuwa ameshaviacha vitabu vyote, ananakili folda ya Mama peke yake. Diski mgonjwa ilitoa data kama mtoto anayelazimishwa dawa, tone kwa tone. Programu ilizikusanya na kuzipeleka kama furushi moja, na furushi likikatika njiani hulitupa lote na kuanza mwanzo.

Alibadilisha kebo. Alipuliza vumbi. Alipima joto, akahakiki neno la siri, akampigia mwenzake wa ofisini, dada mmoja asiyependa maneno mengi, kumuuliza kama huko kuna nafasi.

"Ipo ya kuhamishia mji," dada alijibu, akakata.

Kilichomchanganya ni mahali pa kukatika. Diski inayokufa hukwama palepale penye kidonda chake, kila mara. Hii haikuwa na mahali pamoja. Mara furushi lilikatika likiwa changa, mara likikaribia nusu. Ilikuwa kama kuna mtu anapita na kulikanyaga kila anapojisikia.

Simu ililia. Alikuwa mkewe.

"Vipi huko?"

"Inaenda."

"Inaenda kweli, au inaenda ile yako ya kunituliza?"

"Ya kukutuliza."

Mkewe akasema polepole, "Nakuja na begi la Mama. Teksi ya kumpeleka hospitali nimeiambia ije jua likianza kutua. Na usinipe habari nyingine mpaka iwe ya kweli. Umesikia?"

"Nimesikia, mke wangu."

Koo lilikuwa limemkauka. Mstari wa kijani ulikuwa umeanza kutambaa upya, akaona heri akanywe maji kuliko kuukodolea. Alitoka kwenye korido, penye friji kuukuu lililokuwa likinguruma kama lori linalopanda mlima na mizigo ya watu wawili. Alishika kitasa.

Friji lilitetemeka. Likakohoa. Likanyamaza.

Feni ya darini nayo ikaanza kulegea, mabawa yake yakahesabika moja moja mpaka ikasimama. Na pale juu ya mlango wa chumba cha kurekodia ikawaka taa nyekundu. Nyuma ya mlango, kwa mbali, sauti ya Mama Kinanda ikaanza: "Habari za asubuhi. Habari za mchana. Habari za jioni."

Fundi alibaki na kitasa mkononi. Macho yake yalipanda ukutani taratibu, maana mengine mtu huyajua kabla hajayaona. Juu ya friji kilikuwepo kidude cha kugawa mtandao, kisanduku chembamba ambacho vitaa vyake humeta siku nzima kama macho ya wasengenyaji. Hakikumeta. Waya wake uliteremka nyuma ya friji, ukaungana na waya wa friji na wa feni, zote tatu zikaingia kwenye soketi moja iliyopakwa rangi nyekundu.

"Baba mdogo," Fundi alisema peke yake. "Umeniua."

Baba mdogo ndiye aliyekuwa mrekodi sauti wa ofisi ile, ndugu wa marehemu mume wa Mama Kinanda. Jina lake la kazi lilikuwa Mzee Kimya. Alikuwa adui wa kila sauti duniani isipokuwa moja. Alikuwa akivua viatu ili asisikie nyayo zake, na waliomjua walisema aliacha kula karanga kwa sababu zilimpigia kelele kichwani. Miaka mingi iliyopita alijitengenezea swichi yenye akili zake. Ukiibonyeza upande huu, taa nyekundu inawaka na soketi ya kelele inakufa. Ukiirudisha, taa inazimika na kelele zinafufuka.

Na sheria ya taa nyekundu ilijulikana hata kwa paka wa jengo. Ikiwaka, mlango haufunguliwi.

Fundi aliufungua.

Mama Kinanda alinyamaza katikati ya neno. Mzee Kimya alivua spika za masikioni kama mtu avuaye kofia msibani.

"Bwana mkwe," alisema, kwa sauti ya chini kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya hatari. "Jengo linaungua?"

"Baba mdogo, shikamoo. Kidude cha mtandao, kile cha juu ya friji. Nani kakichomeka kwenye soketi nyekundu?"

"Mimi. Kilikuwa kinakoroma."

"Kinakoroma!"

"Kina kifeni ndani, kimezeeka, kinakoroma kama mjomba wako siku ya harusi yenu. Mtu anasoma hapa mara yake ya mwisho, nimwachie kidude kimkoromee? Nimekihamisha. Kwani kuna nini?"

Fundi alijaribu kupandisha hasira, akakuta hazimo. Mzee aliyatenda yale kwa mapenzi. Akaeleza kwa ufupi. Kila taa nyekundu ilipowaka, njia ya furushi ilikatwa. Siku za kawaida Mama alisoma kidogo asubuhi, na mchana wote ungebaki wa kunakili. Lakini siku hizi, kwa kuwa walikuwa wakikimbizana na kisu cha daktari, taa ilikuwa ikiwaka kutwa.

"Kwa hiyo," Mama Kinanda alisema kutoka kwenye kiti chake, "kadiri ninavyosoma..."

"Ndivyo usomaji wako usivyohifadhiwa, Mama. Ndiyo."

Mzee Kimya alikaa chini. Alirudisha swichi mwenyewe, kwa kidole kimoja, na kule kwenye korido friji likapiga kelele kama mtu aliyezinduka. Fundi alikwenda kuichukua kompyuta yake, akarudi akiitazama. Furushi lilikuwa linaanza, na mashine ilikuwa ikikadiria litamalizika karibu na machweo. Karibu kabisa. Hapakuwa na nafasi ya kuanza tena.

"Basi nikihamishe kwenye soketi nyingine," Mzee Kimya alisema.

"Kikoromee kwenye maikrofoni? Na sauti mpya nayo lazima iandikwe kwenye diski hiyohiyo mgonjwa. Haiwezi kumeza na kutapika kwa pamoja, Baba mdogo. Tukiilazimisha, inakufa."

Ndipo Fundi alipotambua kilichomsubiri. Alikuwa hajawahi kumwambia mama mkwe wake hata "sogea kidogo." Alitazama ncha za viatu vyake.

"Mama, kwa heshima zote, na kwa kuwa wewe ni mzazi wangu, nilikuwa naomba, kama haitakuwa vibaya, yaani kwa huu muda uliobaki, kama ingewezekana..."

"Mkwe, sauti yangu inahesabiwa. Usiimalizie kwenye kukusubiri."

"Naomba usisome tena."

Mama Kinanda alimgeukia mrekodi. "Umesikia, shemeji? Binti nimempa, baraka nimempa, leo ananiambia ninyamaze."

"Nimesikia," alijibu Mzee Kimya, "na nimejaribu miaka yote kukwambia hivyo, sikuwa na ujasiri."

Mama Kinanda alicheka, lakini mikono yake ilikuwa juu ya karatasi kadhaa zilizokunjwa, na haikuziachia. "Sentensi za wataalamu zinatosha?"

"Walisema zilizopo zinatosha, Mama. Zaidi ni ziada."

"Hizi si za wataalamu. Ni zangu. Nimesoma vya watu maisha yangu yote, nikasema cha mwisho kiwe nilichokitunga mwenyewe. Hadithi moja, niisome mara moja, vizuri, nayo iwepo."

Kule kwenye kabati diski ililia tik, tik, tik.

"Nikurekodie kwenye simu," Mzee Kimya alisema kwa unyonge.

"Na friji hilo likinguruma nyuma? Usinitukane, shemeji. Simu ni ya kuulizia bei ya nyanya." Alizikunja karatasi, akazitia kwenye pochi, akasimama. "Haya. Liacheni friji lipige kelele."

Akatoka, akaketi kwenye stuli ya korido, mgongo umenyooka kama mtu aliyeko studio bado.

Mchana ulikwenda kwa magoti. Mkewe Fundi alifika na begi, akambusu mamaye, hakuuliza kitu. Mstari wa kijani ulipita robo, ukapita nusu, ukapita kila mahali ulipowahi kufia. Madirisha yalianza kuwa ya manjano. Tik za diski zilikuwa zikisogeleana, na Fundi alijikuta akipumua katikati yake, kama mtu anayevuka barabara yenye magari.

Kisha kwenye ngazi pakasikika funguo.

Aliyekuja ni Fyuzi, msimamizi wa jengo, ambaye kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzima. Swichi kuu ya ghorofa ilikuwa mwisho wa korido, ndani ya kijisanduku cha bati, na kukifungua kijisanduku hicho kwake kulikuwa kama kupanda mimbari.

"Nazima," alitangaza.

"Jua bado lipo!" Fundi aliruka.

"Mwenye jengo kasema leo mapema."

"Kaka, nakuomba. Muda mfupi tu."

"Mtaalamu, juzi uliniambia muda mfupi tu. Nilifika nyumbani mke wangu akaanza kuninusa shati." Tayari alikuwa amefungua kijisanduku. "Leo hapana."

Fundi alitazama skrini. Palikuwa pamebaki kipande chembamba cha mstari, upana wa kidole cha mtoto.

"Mwanangu," Mama Kinanda alisema.

Hakuinua sauti. Aliiweka tu hewani, kama mtu anayetua sinia lililojaa asimwage hata tone. Fyuzi aligeuka, mkono ukiwa juu ya swichi.

"Palikuwa na mtu mmoja," Mama alisema, "mvivu hata kivuli chake kilichoka kumsubiri. Asubuhi moja kivuli kikaamka, kikamtikisa, kikamwambia, bwana, tunachelewa. Yeye akajifunika shuka. Basi kivuli kikaoga, kikachana nywele, kikaenda kazini peke yake."

Fyuzi alicheka kwa pua. "Kivuli kinachanaje nywele?"

"Kwa kivuli cha kitana. Usinikatize. Huko kazini hakuna aliyegundua, maana mwenyewe alipokuwa akienda alikuwa hasemi, hafanyi, hajibu salamu. Kivuli angalau kilikuwa kinasogea. Mwisho wa mwezi kikapandishwa cheo."

Friji liliendelea kunguruma, na hakuna aliyelisikia. Karatasi zilikuwa pochini, alikuwa hazihitaji. Kivuli kilipewa ofisi yenye dirisha. Kivuli kilianza kugombeza watu wenye miili. Mwenyewe, kule nyumbani, akawa kila akisimama juani haoni kitu miguuni pake, akaona vema asisimame kabisa. Koo la Mama Kinanda lilikwaruza mahali fulani, kwa maumivu, naye akautumia mkwaruzo ule kuwa sauti ya kivuli. Fyuzi aliachia mdomo wazi. Mkono wake ulibaki palepale juu ya swichi, umesahaulika.

Tiktiktiktik, ilisema diski.

Ndipo Fundi, kwa pembe ya jicho, alipomwona Mzee Kimya akiinuka.

Mzee alikuwa akitembea bila viatu, macho yamefumba nusu, uso umelowa. Hakuwa akiwaza. Masikio yake yalikuwa yamesikia usomaji bora kuliko wote aliowahi kuurekodi, na mkono wake ulikuwa unafanya kile ambacho mikono yake ilifanya maisha yote usomaji ulipokolea. Ulikuwa unakwenda kwenye swichi ya taa nyekundu, ndani tu ya mlango wa chumba cha kurekodia ulioachwa wazi.

Kupiga kelele kungemzindua Fyuzi. Kukaa kimya kungeua furushi. Fundi aliweka kompyuta sakafuni, akavua viatu bila kugusa kamba, akapita mbele ya mkewe na nyuma ya stuli ya Mama kwa ncha za vidole, jitu zima, kama mwizi wa mayai. Alifika. Alikiweka kiganja chake juu ya swichi, na mkono wa mzee ukatua juu ya kiganja hicho, ukabonyeza, kwa nguvu zote za mazoea.

Wakatazamana. Mzee Kimya alizinduka. Midomo yake iliunda neno bila sauti: *hii haimo.* Fundi akatikisa kichwa: haimo. Wakabaki hivyo, mkono juu ya mkono, kama watu wanaoapishana, wakisikiliza kitu ambacho hakitasikika tena.

"...siku hiyo usiku haujaingia," Mama alikuwa akisema, "mlango ukagongwa. Mwenyewe akajikokota, akafungua. Kivuli chake kilikuwa kimesimama kizingitini, kimevaa suti, mkononi kina barua. Kikamtazama kuanzia juu mpaka chini, kikamwambia..."

Kompyuta sakafuni ililia mlio mdogo, kama kijiko kikigonga glasi. Mke wa Fundi aliinama, akasoma, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akaitikia kwa kichwa.

Mama Kinanda aliona. Akafunga mdomo.

"Kikamwambia nini?" Fyuzi aliuliza.

"Zima sasa, mwanangu."

"Ngoja kwanza, Mama. Kikamwambia nini?"

"Zima. Mke wako atakunusa shati."

Fyuzi akazima, kwa mara ya kwanza maishani bila raha. Friji lilikohoa, feni ikalegea, na juu ya kabati diski ikalia tik moja ndefu, ikakwaruza, ikatulia kwa namna ambayo Fundi aliijua. Hiyo haingeamka tena. Korido ikajaa giza la jioni.

Lakini fundi mwenye adabu ya kazi haiiti nakala nakala mpaka ameifungua. Alimpigia simu yule dada wa ofisini, akafungulia spika.

"Limefika?"

"Limefika."

"Chagua faili lolote. Lolote tu. Lipige, uweke simu karibu."

Walisikia kipanya cha kompyuta kikibonyezwa. Kimya. Kimya kingine. Mkewe Fundi alikuwa ameshika mkono wa mamaye gizani, na ni vigumu kusema ni nani aliyekuwa akimminya mwenzake.

Kisha, katikati ya giza, safi kabisa, bila friji wala feni wala mkoromo wa kidude chochote, sauti ya Mama Kinanda ikauliza kwa ukali:

"Nani amezima taa?"

"Ni mimi, Mama," Fyuzi alijibu kwa haraka. "Nisamehe. Uliniambia mwenyewe."

Mama Kinanda, aliyekuwa ameketi hatua moja tu kutoka kwake, alikuwa hajafumbua mdomo.